Magamba kwenye Sakafu ya Bibi

Jumapili, alasiri. Mvua imekatika na jua limetoka kana kwamba halijui lolote.

Naandika nikiwa nje, kwenye ngazi za mlango wa mbele, kwa sababu siruhusiwi kuingia. Sakafu ya sebuleni bado mbichi. Kitabu changu kiko ndani, viatu vyangu vya shule viko ndani, hata wali wangu uko ndani, umefunikwa. Nje nina simu hii, na nina Shangazi, aliyeketi ngazi ya chini yangu akiwa ameshika viatu vyake mkononi, akilitazama ziwa.

Yeye hasemi, na mimi si mtu wa maneno. Basi acha nikuambie wewe, shajara.

Nianze na Bibi, maana yote ni yake. Bibi ni mama yake baba. Naishi naye hapa Rumonge kwa ajili ya lise, yaani sekondari, kwa kuwa wazazi wangu wako Minago na michikichi yao, na kutoka kule hadi shuleni si safari ya kila siku. Walipanga kwamba mimi nimsaidie Bibi, naye anilishe. Mpango mzuri. Tatizo ni kwamba Bibi hasaidiki kirahisi.

Alivunjika nyonga nikiwa bado shule ya msingi. Mguu wake wa kulia haukunjiki tena. Kwa fimbo yake anatoka kitandani hadi mlangoni, kisha anakaa apumue. Anatoka mlangoni hadi chooni, anakaa tena. Hawezi kuinama, hawezi kubeba ndoo, hawezi kunyoosha mkono juu kwenye rafu bila kuyumba.

Na nyumba yake ni safi kuliko zote ninazozijua.

Siri yake ni kigoda. Ni kile kigoda chake cha jikoni, cha mbao nyeusi, ambacho miguu yake imevalishwa nyayo za kambambili kuukuu, ndala za mpira. Misumari niligongelea mimi, pamoja na kidole changu gumba. Kwa hizo kambambili kigoda kinateleza bila kelele. Bibi anakaa juu yake, mguu mbovu ameunyoosha mbele kama usukani, mguu mzima unasukuma, na anakwenda kinyumenyume. Mkono mmoja una tambara. Mwingine una kibido, kidumu kidogo cha njano ambacho mfuniko wake tuliutoboa kwa msumari wa moto, ili maji yatoke kama manyunyu wala yasimwagike hata kikianguka. Asubuhi kabla ya shule mimi najaza vibido na kuacha kimoja kila chumba. Mengine ni yake. Kila siku ana chumba chake cha kuosha, kwa hiyo hachoki na nyumba haichakai. Chini ya kitanda anafikia kwa upembo uliofungwa kitambaa. Sahani zilihama kutoka rafu ya juu, sasa zinakaa usawa wa kifua chake, na nikizirudisha juu kwa kusahau, nasikia fimbo ikigonga ukuta.

Jirani yetu, Mama Furaha, aliyetoka Kongo na anayekaanga ndagala, dagaa wa ziwani, pale kwenye njia ya sokoni, haachi kumtania. Akipita dirishani anapiga kelele:

"Bibi! Iyo motokari yako iko na permi ya kuendesha?"

"Iko nayo," Bibi anajibu bila kugeuka. "Breki ndiyo haina. Ondoka mbele!"

Hicho kigoda kilitokana na ajali, na ajali ndiyo iliyomleta Shangazi.

Msimu wa mvua uliopita, Bibi alijaribu kubeba ndoo akiwa amesimama. Niliporudi shuleni nilimkuta chini, ameegemea ukuta wa sebule, nguo zimelowa. Alikuwa amekaa hapo tangu asubuhi. Nililia kabla hata ya kumshika. Yeye alikuwa na tambara mkononi, na sakafu yote iliyomzunguka, hadi pale mkono wake ulipofika, ilikuwa imeoshwa ikakauka.

"Usilie, mwana wanje," aliniambia kwa Kirundi chake, yaani mwanangu. "Nilikuwa chini tayari, nikaona nisikae bure. Kumbe kazi yenyewe iko huku chini."

Kesho yake aliniagiza kambambili kuukuu. Tangu hapo hajaanguka.

Lakini Shangazi alisikia nusu ya kwanza tu ya habari hiyo. Yeye anaishi Bujumbura, anafanya kazi ofisini, na tangu siku ile kila simu yake inaanza na swali moja: "Mama ameanguka?" Hata salamu inakuja baadaye. Jumatano alipiga, na Bibi akaweka sauti kubwa kwa kuwa mikono yake ilikuwa na sabuni.

"Mama, chumba yako iko tayari. Iko chini, haina ngazi. Choo iko ndani ya nyumba."

"Choo ndani ya nyumba," alisema Bibi, "na bado mnasema mnapenda usafi."

Shangazi hakucheka. "Nakuja Jumamosi, Mama. Nikikuta nyumba imekushinda, Jumapili tunarudi wote wawili. Sitaki kupigiwa simu siku moja niambiwe mengine."

Bibi alikamua tambara taratibu. "Njoo," alisema. "Utaikuta inang'aa."

Nikaogopa. Najua Shangazi anampenda, na hilo ndilo lililonitisha: mtu mwenye nia mbaya unaweza kumkatalia. Najua pia nyumba yake ilivyo. Ina msichana wa kazi na kiti kirefu chenye mto. Nilimwona Bibi kichwani mwangu ameketi kwenye kile kiti, akiinua miguu ili mtu mwingine apige deki chini yake. Halafu anaishusha. Halafu anasubiri kesho.

Sikulala vizuri siku zile. Darasani mwalimu aliniita kwa jina na sikusikia.

Jumamosi asubuhi Bibi aliosha sebule. Aliosha kuliko siku zote. Alitumia sabuni ya mawese aliyoikatakata na kuiyeyusha tangu usiku, na alipofika mlangoni, kinyumenyume kama kawaida, jasho lilikuwa likimtiririka na alikuwa akiimba. Nilimsaidia kuinuka, akaenda kuoga.

Nikabaki nikiitazama sakafu ikikauka.

Hapa inabidi nieleze. Bibi akiwa kwenye kigoda, tambara linakwenda kwa mzunguko, kutoka kushoto kwake hadi kulia, na mkono unapoishia linaacha ukingo mwembamba mweupe wa sabuni. Anasogea nyuma kidogo, anazungusha tena. Sakafu ikikauka, kingo zile zinabaki: nusu duara juu ya nusu duara, kutoka ukuta wa mwisho hadi mlangoni, kama magamba ya kuhe, samaki mkubwa wa ziwani, aliyelazwa sebuleni. Nimeishi juu ya magamba yale bila kuyatazama. Jumamosi niliyatazama kwa macho ya Shangazi, nikaona uchafu.

Nikasema moyoni: ataona michirizi. Atasema, si unaona, mkono haufiki, imemshinda.

Nikachukua rakileti, ule ubao wetu wenye mpira na mpini mrefu, nikazungushia tambara safi, nikapita sebule nzima. Mistari iliyonyooka, ukuta hadi ukuta, kama daftari jipya. Ilichukua muda mfupi sana. Ilikuwa nzuri kabisa.

Bibi alirudi amevaa kitenge chake cha kwenda kanisani. Alisimama mlangoni na fimbo yake. Alitazama sakafu, kisha rakileti, kisha mimi.

"Imependeza, mwana wanje," alisema.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kweli.

Shangazi alifika na mikate, sukari, na marashi ambayo yaliingia sebuleni kabla yake. Alimkumbatia Bibi kwa muda mrefu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akatembea kwa soksi, akatazama pembe zote, akapitisha kidole juu ya meza. Kisha akatazama chini. Alitazama sakafu kwa muda, na niliona bega lake likilegea, nikadhani ni kwa kuridhika.

"Ni wewe umeosha," aliniambia.

"Tumeosha," nilisema. Sauti yangu ilitoka ndogo.

"Hapana. Naona kabisa. Hii ni kazi ya mtu aliyesimama." Akamgeukia Bibi, na hakuwa mkali, angekuwa mkali ingekuwa nafuu. "Mama, huyu mutoto ana egzame mwaka huu. Anasoma saa ngapi? Unaona? Nyumba imekushinda, na wewe umemtwika yeye."

Nilimtazama Bibi. Nilisubiri aseme. Bibi ni mtu wa kusema; amewahi kumrudisha mchuuzi wa samaki hadi kwenye mtumbwi wake kwa maneno peke yake.

Alikuwa akikunja ncha ya kitenge chake na kuikunjua.

Ilinichukua hadi wakati wa chakula kuelewa. Ili ajitetee, ingebidi aseme kwamba mimi nilifuta kazi yake. Aliona afadhali aende Bujumbura.

Na bado sikusema lolote. Hiyo ndiyo aibu yangu, shajara: maneno yalikuwepo yote, yamepangwa vizuri kama insha, na mdomo haukufunguka.

Leo asubuhi tulikwenda ibadani. Mfuko wa Bibi ulikuwa umefungwa tayari, juu ya meza. Tulipokuwa tukirudi mvua ikatukuta, na watu wa jumuiya wakatufuata hadi nyumbani kumuaga Bibi, wakaingia na matope mekundu ya njiani. Waliomba, walilia kidogo, walikula mikate ya Shangazi. Mama Furaha alileta ndagala kwenye bahasha kwa ajili ya safari. Macho yake yalikuwa mekundu lakini mdomo ulikuwa ule ule.

"Sasa Bibi, na ile motokari? Unaiacha? Kule Buja batakukamata nayo, kule iko mapolisi mingi ya barabara!"

Watu wakacheka. Bibi pia, kwa adabu.

"Motokari gani?" Shangazi aliuliza.

"Aa, utani wa majirani," alisema Bibi.

Walipoondoka, sebule ilikuwa kama njia ya ng'ombe. Shangazi alitazama saa, akatazama matope, akachukua rakileti pale ukutani akaninyooshea.

"Pitisha haraka haraka, tusiache nyumba hivi. Bisi haitatungoja."

Sikuipokea.

Sijui nilivyofanya. Mimi ambaye darasani najua jibu na sinyanyui mkono. Nikakaa chini kwenye kiti, mbele ya shangazi yangu aliyesimama, jambo ambalo nalo si adabu.

"Sitaosha, Shangazi," nilisema. "Leo si mimi. Hata jana haikuwa mimi. Jana Bibi aliosha sebule nzima peke yake, nami nikapita juu ya kazi yake kwa rakileti kwa sababu niliona haya. Aliacha alama za mkono wake nikazifuta. Ulichokiona ni mimi. Bibi hukumwona."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye bati.

Kisha Bibi akaanza kucheka. Si kile kicheko cha adabu. Alicheka hadi akashika ukuta.

"Niletee kigoda," alisema.

"Mama, hapana. Bisi."

"Niletee kigoda, na kile kitenge cha kazi. Kiko juu kabisa ya mfuko. Nilijua mimi."

Nikamletea. Nikajaza kibido maji ya sabuni. Bibi akakaa pale ukutani mwisho wa sebule, akanyoosha mguu wake, akazungusha tambara mara ya kwanza, na matope yakaondoka kama mkate unavyokatwa.

"Mama, utaanguka!"

"Aliyekwisha kukaa ataangukia wapi, Konsolata?"

Akasukuma nyuma. Akazungusha. Akasukuma nyuma. Alikuwa akitufukuza bila kututazama: kwanza kutoka karibu na meza, kisha kutoka kwenye viti, kisha tukajikuta mlangoni mimi na Shangazi, tumebanana, kisha ngazini. Kutoka dirishani sauti ya Mama Furaha ikapaa:

"Ee! Motokari imewaka!"

"Toa honi, tunapita!" akajibu Bibi.

Kule mwisho, karibu na ukuta, sakafu ilikuwa imeanza kukauka. Kingo nyeupe zilikuwa zikijitokeza moja baada ya nyingine. Magamba.

Nilimwona Shangazi akiyatazama. Alijishika kifua.

"Kule Tanzania, ukimbizini," alisema, na sikujua kama anasema nami, "nyumba yetu ilikuwa ya udongo. Jumamosi Mama alisiliba sakafu kwa mkono. Udongo na majivu. Ilikuwa hivi hivi, alama hizi hizi. Tulikuwa tunakaa nje sisi wote mpaka ikauke, baba yako ananipiga viwiko. Ukikanyaga unaacha unyayo, na Mama alijua unyayo wa kila mtu."

Baadaye akasema, "Jana niliingia nikaitafuta nyumba ya Mama. Ilikuwa safi, lakini sikuiona."

Bibi alifika mlangoni. Uso uling'aa kwa jasho. Alikuwa ameosha sebule nzima na hakuwa ameegemea mtu. Shangazi aliinua mguu ili aingie amshike, na fimbo ikatua mbele yake: kwa!

"We! Ukikanyaga, utarudia wewe."

Mwanamke wa ofisini, mama wa watoto, akarudisha mguu wake haraka kama mtoto.

Tulimwinua Bibi kutoka kwenye kigoda kwa kumpokea huku nje, mmoja kila upande. Sasa hivi yuko kwa Mama Furaha, ng'ambo ya uchochoro, amewekewa kiti na anakula ndagala zilizokusudiwa safari. Nasikia wanabishana kuhusu chumvi.

Bisi imeshaondoka. Tuliisikia ikipiga honi barabarani na hakuna aliyesimama.

Shangazi amezungumza mara mbili tu tangu hapo. Mara ya kwanza alisema Bibi avae simu shingoni kwa kamba, kila siku, hata bafuni, na Mama Furaha apite mchana nikiwa shuleni, na kwamba hayo mawili hajadiliani na mtu. Nikasema ndiyo, Shangazi. Nadhani Bibi atanung'unikia kamba kisha ataivaa, hasa nikimtafutia yenye rangi ya kitenge chake.

Mara ya pili ni sasa hivi. Ameuliza, bila kugeuka: "Imekauka?"

Nimechungulia. Magamba yamejaa kutoka ukuta hadi mlangoni. Karibu na meza, kusikofika jua, bado kuna sehemu nyeusi ya maji. Mfuko wa Bibi uko pale juu ya meza, ng'ambo ya unyevu, na hakuna anayeweza kuufikia.

"Bado, Shangazi," nimesema.

"Tungoje," amesema. "Ikikauka, vitenge vya Mama urudishe kwenye kamba yake ya nguo. Mimi nitaondoka kesho."

Ameweka viatu vyake chini kando ya vyangu vya kanisani na kunyoosha miguu juani.

Sina haraka na wali wangu. Kesho ni Jumatatu, zamu ya chumba cha Bibi. Nitaamka, nitajaza vibido, nitaweka kimoja kando ya kitanda chake, niende shule. Na nikirudi nikute sakafu imechorwa, nitavua viatu na kupita kando kando ya ukuta.